IL-2 ya binadamu kwa labo za Lubumbashi: ya bakteria, ya seli za mamalia au ya daraja la dawa?

Ukiomba bei ya interleukini-2 (IL-2) ya binadamu, protini inayoziamuru seli T za kinga zigawanyike, kwa kazi ya labo, utarudishiwa jina moja lenye namba kadhaa za katalogi, na bei zake hazikaribiani. Kuna iliyotengenezwa na bakteria. Kuna iliyotengenezwa na seli za mamalia, ambayo kwa kawaida iko juu. Kisha kuna ile ya hospitali, aldesleukin, ambayo labo nyingi za Ulaya na Marekani huichukua famasi na kuitumia kukuzia seli. Zote tatu ni IL-2, na zote tatu zitafanya seli T zigawanyike. Ndiyo maana mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayeandaa kazi yake ya mwisho, au asistanti aliyepata fedha kidogo za mradi, hukwama hapo. Kama zote zinafanya kazi, kwa nini nilipe zaidi? Na kama ya chini inatosha, wale wanaonunua ya juu wanalipia nini?

Naona wengi wetu huanzia pasipofaa. Tunagawa bei kwa maikrogramu, tunapanga kutoka chini kwenda juu, basi, tumemaliza. Mimi ningeanza na maswali mawili: ni seli gani nyingine zitakuwamo kwenye kisahani pamoja na seli T zako, na friza yako hukosa kuranti mara ngapi kwa wiki. Ukishayajibu hayo, mara nyingi chaguo moja linajiondoa lenyewe kabla hamjaanza kuzungumza dola.

Protini yenyewe, kwa ufupi

Mwaka 1976 Doris Morgan, Francis Ruscetti na Robert Gallo walionyesha kwamba kioevu kilichoachwa na limfositi (chembe nyeupe za damu, zikiwamo seli T) zilizochokozwa kinaweza kuotesha seli T za binadamu kwa muda mrefu. Kitu kilichokuwa ndani ya kioevu hicho ndicho kilikuja kuitwa IL-2. Mwaka 1983 kundi la Tadatsugu Taniguchi likapata jeni yake, na tangu hapo haikuwa lazima tena kukamua damu za watu: jeni hupandikizwa kwenye seli nyingine, na seli hiyo ndiyo inayotoa protini. Hiyo ndiyo rekombinanti.

Ni protini ndogo, asidi amino 133, uzito wa kilodalton 15.5 hivi. Inashikwa na kipokezi chenye minyororo mitatu. Seli yenye yote mitatu huinasa hata ikiwa kidogo sana. Seli iliyokosa mnyororo wa alfa, yaani CD25, inahitaji kiasi kikubwa zaidi, karibu mara mia, ili iishike vilevile. Seli T zinazotuliza kinga hubeba CD25 nyingi muda wote, kwa hiyo dozi ikiwa ndogo zenyewe hunywa kwanza. (Shimon Sakaguchi alizitambua mwaka 1995 kwa alama hiyohiyo ya CD25, na mwaka 2025 akapewa Nobel ya tiba pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.) Seli NK, zile limfositi zinazoua seli zilizoharibika, nyingi zina minyororo miwili tu, zinangoja dozi kubwa. Basi ukikosea dozi ya IL-2, ujue kuna zaidi ya seli kukua polepole: unaweza kuwa umekuza kundi jingine kabisa la seli.

Vigezo vya kupimia

Nitalinganisha zote tatu kwa mambo matano: nguvu na namna inavyoandikwa kwenye cheti cha vipimo cha muuzaji, uchafu wa endotoksini, umbo la protini na sukari zake, safari na uhifadhi, kisha bei pamoja na karatasi. Hayana uzito sawa. Kwa Lubumbashi mawili yanabeba mzigo mkubwa, endotoksini na uhifadhi, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Nguvu: soma IU, maikrogramu peke yake haitoshi

Seli hazijui nanogramu. Zinajua ni molekuli ngapi zilizo hai na zilizokunjwa vizuri. Kwa hiyo makala makini huandika dozi kwa yuniti za kimataifa, IU, zinazopimwa kwa kulinganisha na kiwango cha WHO. Kipimo cha kawaida hutumia CTLL-2, seli za panya ambazo bila IL-2 hufa.

Aldesleukin ndiyo iliyo wazi kuliko zote hapa: chupa moja ina IU milioni 22 ndani ya miligramu 1.3 hivi, yaani karibu IU milioni 16 hadi 17 kwa miligramu. Hakuna kubahatisha.

Ya bakteria na ya mamalia, zikiwa bidhaa nzuri, huwa katika kiwango hichohicho cha milioni kumi na zaidi kwa miligramu. Tatizo ni cheti. Wauzaji wengi wa utafiti huandika ED50 tu, ile dozi inayofikisha seli kwenye nusu ya ukuaji wake wa juu. Ili kupata yuniti, gawa milioni moja kwa ED50 iliyoandikwa kwa ng/ml, upate yuniti kwa miligramu. ED50 ya 0.1 inakupa milioni 10. ED50 ya 0.5 inakupa milioni 2. Vichupa viwili vyenye uzito uleule, nguvu mara tano tofauti. Na hizo ni yuniti za labo ya muuzaji, hazijawa IU mpaka aandike kwamba amepima dhidi ya kiwango cha WHO. Muulize kwa barua. Muuzaji asiyejibu swali hilo, mimi simnunulii.

Jambo jingine la kuangalia ni makala za miaka ya 1980, ambazo baadhi hutumia yuniti za Cetus. Moja ya Cetus ni IU 6. Anayenakili itifaki ya zamani bila kubadilisha anawapa seli zake moja ya sita ya dozi, halafu analaumu loti, yaani kundi la uzalishaji la bidhaa.

Tupige hesabu ya kiasi, maana hapa ndipo pesa ilipo. Tuseme una kichupa cha maikrogramu 10 chenye nguvu ya IU 16,000 kwa maikrogramu. Hiyo ni IU 160,000. Ukikuza seli T za damu kwa IU 100 kwa mililita, dozi ya kawaida kabisa, kichupa hicho kinatosha lita 1.6 za kioevu. Kwa kazi ya mwisho ya mwanafunzi ni nyingi kupita mahitaji. Lakini ukifuata itifaki ya kukuza limfositi zilizotolewa ndani ya uvimbe wa saratani, ambako huwekwa IU 6,000 kwa mililita, kichupa hichohicho kinakwisha kwa mililita 26 na kidogo. Mtu wa kwanza hana sababu ya kuhangaikia bei ya maikrogramu. Wa pili anayo.

Endotoksini

Bakteria wanaotumika, E. coli, wana ukuta wa nje wenye lipopolisakaridi, LPS. Hiyo ndiyo endotoksini. Seli T safi hazishtuki sana nayo. Monositi, makrofaji na seli za dendriti, ambazo ni seli nyingine za kinga, zinashtuka mno: zina kipokezi chake, TLR4, na zikiigusa hutoa kwa wingi sitokini (protini za kuashiriana za kinga) kama TNF, IL-6 na IL-1. Ukiwa na mchanganyiko wa seli za damu kwenye kisahani, unaweza kudhani umepima kazi ya IL-2 kumbe umepima uchafu.

Ya bakteria: wauzaji huisafisha, na cheti husema chini ya EU 1 (yuniti ya endotoksini) kwa maikrogramu, au chini ya 0.1 kwa bidhaa bora. Watu wakisikia neno bakteria huogopa na kukimbilia ya bei kubwa. Ngoja kwanza tupige hesabu. Kwa IU 100 kwa mililita unaweka nanogramu 6 hivi za protini. Hata kama ina EU 1 kamili kwa maikrogramu, kisahani kinapata EU 0.006 kwa mililita. EU moja ni takriban pikogramu 100 za LPS, kwa hiyo hapo ni chini ya pikogramu moja. Monositi hazitaiona. Sasa nenda kwenye IU 6,000: protini inakuwa maikrogramu 0.37 kwa mililita, na endotoksini inaweza kufika pikogramu 37. Hapo monositi zinaanza kuamka. Hofu ni ya haki kwa dozi kubwa, na kwa dozi ndogo haina msingi.

Ya mamalia: seli za HEK293, zinazotokana na figo ya kijusi cha binadamu na zilizoanzishwa Leiden mwaka 1973, na seli za CHO za ovari ya hamsta wa China, hazina LPS ya kwao. Hii ndiyo faida yao kubwa. Hata hivyo endotoksini inaweza kuingia baadaye kupitia maji, vichujio au chupa, kwa hiyo cheti kisomwe vilevile.

Ya daraja la dawa: nayo imetoka kwa E. coli, lakini inadungwa kwenye mshipa wa mgonjwa, basi mipaka yake inasimamiwa kwa ukali na kila loti inapimwa. Kitu kinachowatisha watu hapa ni SDS, sabuni iliyowekwa ili protini isigandane, pamoja na manitoli. Ikishayeyushwa, chupa ina SDS miligramu 0.18 kwa mililita pamoja na IU milioni 18. Ukishusha hadi IU 100 umeipunguza mara 180,000, na SDS inabaki nanogramu moja kwa mililita. Seli hazitajali.

Sasa jambo ambalo katalogi haitakuambia. Katika labo zetu chanzo kikubwa cha endotoksini mara nyingi ni maji, na kichupa kilichotoka Ulaya kinasingiziwa bure. Maji yaliyochujwa vizuri kisha yakakaa siku kadhaa kwenye bidoni huota bakteria wa aina hiyohiyo yenye LPS. Otoklavu inawaua, lakini LPS yao inabaki palepale, kwa sababu joto la mvuke haliivunji. Vyombo vya kioo huondolewa LPS kwa joto kavu, digrii 250 kwa dakika 30. Na kwa kuyeyushia IL-2, nunua famasi ampuli za maji ya sindano. Ni za bei ndogo, na kikomo chake cha endotoksini ni EU 0.25 kwa mililita. Kulipia IL-2 ya HEK293 kisha kuiyeyusha kwa maji ya bidoni ni kutupa fedha za mradi.

Umbo na sukari

Ndani ya E. coli, IL-2 inayozalishwa kwa wingi haikunjiki vizuri. Hurundikana kama bukari uliolala, na mtengenezaji hulazimika kuiyeyusha kwa kemikali kali kisha kuikunja upya. Protini ina sisteini tatu: ya 58 na ya 105 zinashikana kuwa daraja, ya 125 iko huru na inaweza kushika mwenzake asiye wake. Kwa hiyo bidhaa nyingi za bakteria zimebadilishwa sisteini 125 kuwa serini. Nyingine zina methionini moja ya ziada mwanzoni. Aldesleukin nayo ina serini hapo, na pia imeondolewa alanini ya kwanza, inabaki na asidi amino 132.

Seli za mamalia huitoa nje ikiwa imekunjwa tayari, na huiwekea sukari kwenye threonini ya 3, kama mwili wa binadamu unavyofanya. Kwenye jeli ya kutenganishia protini utaona ukanda uliotawanyika au zaidi ya mmoja, kwa sababu si kila molekuli imepata sukari ileile. Usidhani ni chafu.

Je, sukari hiyo inabadili kazi? Kwa IL-2, kwa kukuza seli, hapana. Isiyo na sukari inashika kipokezi na kugawanya seli vizuri; aldesleukin isingeidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo kama isingefanya kazi. Sukari na umbo asilia vinakuwa na maana unapotafuta kingamwili zinazoitambua IL-2 ya binadamu, unapotaka kiwango cha kupimia ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili kupima protini) kinachofanana na kilicho kwenye damu, au unapochunguza umbo la molekuli yenyewe. Usilibebe jibu hili kwa protini nyingine, lakini. Eritropoietini, homoni ya kutengeneza chembe nyekundu za damu, ikikosa sukari zake huondoka mwilini upesi, na hesabu ya kuchagua inabadilika kabisa.

Kwa wenzetu wa tiba ya wanyama wanaofanya kazi na panya: IL-2 ya binadamu hufanya kazi vizuri kwenye seli T za panya. Ya panya kwenye seli za binadamu ni dhaifu. Labo yenye miradi ya pande zote mbili inaweza kununua ya binadamu peke yake.

Safari na kuranti

Mzigo wa namna hii hushuka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwa ndege kupitia Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg, au hupita Zambia na kupanda kwa barabara hadi Kasumbalesa, kwenye foleni ya malori ya shaba. Njia yoyote utakayochukua, chukulia kwamba sanduku litakaa mahali bila mtu wa kuliangalia.

Ya bakteria karibu siku zote huuzwa ikiwa unga uliokaushwa kwa baridi. Unga huo unavumilia siku za joto la kawaida njiani, na wauzaji wengi huutuma bila barafu yoyote. Kwetu hiyo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Ya mamalia inapatikana kwa unga vilevile, lakini baadhi ya wauzaji huiuza ikiwa majimaji yaliyogandishwa, na hiyo husafiri kwenye barafu kavu. Barafu kavu iko digrii 78 chini ya sifuri na inapotea hewani kila saa inayopita. Ukisema utambebesha ndugu anayerudi kutoka Nairobi, kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege, zinamruhusu abiria kilo 2.5 tu, tena kwa idhini ya shirika la ndege. Kabla ya kulipia ya HEK293, uliza ni unga au majimaji. Kama ni majimaji na huna mtu wa kulitoa sanduku siku linapofika, liache.

Ya daraja la dawa ni unga pia, na chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye frigo ya kawaida, digrii 2 hadi 8. Haihitaji friza. Kwa labo yenye frigo moja ya famasi iliyounganishwa na paneli za jua, hilo si jambo dogo. Ugumu unaanza siku ya kuifungua: maelezo ya dawa yanaipa saa 48, na ina IU milioni 22 ambazo huwezi kuzimaliza. Labo huigawa na kuigandisha, ndiyo, ila hapo umeshatoka kwenye dhamana ya mtengenezaji na ni juu yako kupima kama bado ina nguvu.

Ikishayeyushwa, zote tatu zinakuwa na udhaifu mmoja. IL-2 inapenda kunata kwenye plastiki na kioo ikiwa nyembamba, na kila inapoganda na kuyeyuka inapoteza sehemu ya nguvu. Kuranti ikikatwa usiku kucha, friza yako inafanya jaribio hilo bila kukuomba ruhusa, na mwezi wa kumi, kabla ya mvua, joto la chumba halisaidii. Kwa hiyo siku ya kwanza igawe kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, ukiwa umeweka albumini 0.1 kwa mia ili isinate. Fuata cheti kuhusu kimiminika cha kuyeyushia. Ya bakteria mara nyingi hutaka asidi asetiki nyepesi kwanza, kwa sababu ikiwa nzito kwenye maji ya kawaida hugandana. Usiitikise kwa nguvu. Nafasi tupu ya friza ijaze chupa za maji zigande, na mlango usifunguliwe kuranti ikikatika. Weka pia kikombe cha barafu chenye sarafu juu: asubuhi ukiikuta sarafu imezama chini, friza iliyeyuka, hata kama sasa hivi kipimajoto kinasoma vizuri na mlinzi anaapa kuranti haikuondoka.

Kwa wanaoruhusiwa kuchagua, chukua vichupa vitano vya maikrogramu 10 badala ya kimoja cha 50, hata kama bei ya maikrogramu inapanda. Vinabaki unga mpaka siku yake.

Bei na karatasi

Kwa uzito uleule, ya bakteria ndiyo ya chini, ya mamalia iko juu yake, wakati mwingine mara kadhaa. Aldesleukin inachanganya: chupa moja hugharimu maelfu ya dola Marekani, lakini ina IU nyingi kiasi kwamba labo kubwa inayokuza mabilioni ya seli huona inalipa. Kwa kichupa kimoja cha mwanafunzi, usafirishaji unaweza kupita bei ya bidhaa yenyewe, na hapo tofauti kati ya bakteria na mamalia inapungua uzito. Fanya hesabu ya jumla mpaka mlangoni kwako.

Upande wa karatasi, mbili za kwanza zimeandikwa kwa utafiti tu, na hazigusi mgonjwa kwa njia yoyote. Aldesleukin ni dawa. Kuiingiza nchini kunahusu ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo, na kuitoa kunahitaji daktari na famasi. Binafsi naona uzito kuchukua dawa ya saratani kwa ajili ya visahani mahali ambapo wagonjwa wenyewe hawaipati, ingawa najua wenzetu wa kwingine huchukua mabaki ambayo yangetupwa.

Swali moja linasahaulika kwenye fomu ya kuagiza: yenye albumini au isiyo nayo? Yenye albumini hudumu zaidi na haiharibu chochote katika kukuza seli. Isiyo nayo ni ya wale watakaoibandika rangi, kuipima kwa spektrometri ya uzito au kuchanja mnyama ili kupata kingamwili. Ukikosea hapa, hata IL-2 nzuri kuliko zote haitakufaa.

Kwa hali yako

Unakuza seli T kutoka kwenye damu ya wachangiaji kwa dozi ya IU 20 hadi 100, ili kuzihesabu au kuzipima baada ya siku kadhaa: ya bakteria, unga, yenye albumini, cheti chenye IU. Hakuna hoja ya kisayansi ya kukupandisha bei hapo. Fedha iliyobaki nunulia seramu nzuri.

Unachunguza damu nzima au mchanganyiko wa seli, na matokeo yako ni sitokini zinazotoka, mathalani TNF na IL-6 kwa wagonjwa wa SS (selimundu) ambao monositi zao tayari zimechangamka, au kwa wachimbaji wanaoishi na vumbi la kobalti: ya mamalia inakupa utulivu, na hutalazimika kujitetea sana mbele ya wahakiki. Ukishindwa bei, ya bakteria yenye EU chini ya 0.1 itafaa kwa dozi ndogo, mradi uweke kisahani cha kulinganishia chenye kiyeyushio na maji yaleyale bila IL-2. Kisahani hicho usikiache hata ukiwa na ya mamalia.

Unakuza seli NK au limfositi za uvimbe kwa maelfu ya IU: hesabu ya lita ndiyo itakayoamua. Kundi lililo ndani ya hospitali, lenye mfamasia anayeshiriki na ruhusa mkononi, litaona aldesleukin ina mantiki. Asiye na hivyo achukue ya bakteria kwa kichupa kikubwa, endotoksini ya chini kabisa anayoweza kupata, na aombe loti moja iwekwe akiba kwa mradi mzima.

Unatengeneza ELISA yako, au unatafuta kingamwili: ya mamalia, isiyo na albumini, yenye sisteini 125 ya asili. Hapa ya bakteria na ya dawa zinaweza kukupotosha kwa namna ambayo hutaigundua mapema.

Friza yako haiaminiki na hakuna jenereta: chochote kilicho unga, vichupa vidogo, na fungua kimoja kwa mzunguko mmoja wa kazi. Kilichoyeyushwa kinaweza kukaa kwenye frigo ya digrii 4 wiki chache, kutegemea cheti, na mara nyingi ni salama zaidi huko kuliko kwenye friza inayoyeyuka na kuganda kila usiku.

Umepewa kichupa na mgeni aliyepita, bila cheti wala tarehe: kitumie kufundishia wanafunzi pipeti na hesabu ya vyumba vya Neubauer, kioo cha kuhesabia seli. Kama unataka kujua kama bado ni hai, chukua limfositi zilizochokozwa kwa PHA (protini ya maharage inayochochea seli T), zigawe pande tatu, bila IL-2, na ya kichupa hicho, na ya kichupa unachokiamini, kisha hesabu zilizo hai kwa bluu ya tripani, rangi inayoingia seli zilizokufa tu, siku ya tatu na ya tano. Haikupi IU, lakini inatosha kujua kama kitu hicho kinastahili nafasi kwenye frigo.